Wifi Yangu na Bwana Marahaba

Mimi ni wifi yake Bernadina, dada mkubwa wa marehemu mume wake, kwa hiyo usitegemee nimpambe. Nitakueleza alivyo, na pale mwenye haki atakapokuwa yeye nitampa haki yake, ingawa itaniuma.

Siku mdogo wangu Marseli alipomleta nyumbani, mama alimkaribisha maziwa. Bernadina akayanusa kwanza. Mbele ya wageni wote, msichana aliyekuja kuolewa, ananusa maziwa ya mama mkwe. Mama hakulisahau hilo mpaka anaingia kaburini, na mimi nikalirithi. Ndivyo alivyo mpaka leo. Ukimpelekea mboga, anauliza nani kakutuma. Padri akigawa kalenda za mwaka mpya, yeye anaigeuza nyuma aone kaichapisha nani. Watoto wa kijiji walimpa jina, Mama Nani-Kakutuma, na alikuwa anaitika bila hata kukasirika.

Kabla ya kuolewa alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa huko juu Oldeani, pamoja na watu wa Singida na Dodoma. Mwenye shamba alikuwa mzungu mkali. Akipita kambini hata mbwa walinyamaza. Siku moja Bernadina alikuwa anafagia baraza la ofisi, simu ikalia ndani. Akamwona yule mzungu anasimama wima, kofia mkononi, shingo imeiva, anaitikia tu, anaitikia tu. Alikuwa anafokewa na mtu wa kwao huko Ulaya. Habari hiyo ameisimulia jikoni kwangu mpaka nimeichoka, na kila mara anaimalizia kwa swali lilelile: "Sasa wifi, na yule wa kwenye simu, yeye alikuwa anafokewa na nani?"

Swali hilo ndilo lililomharibu. Sisi wengine redio tunaifungulia nyimbo na matangazo ya vifo. Yeye anataka taarifa ya habari, tena ile ya nchi za nje, na ukiingia katikati anakunyamazisha kwa mkono. Ukimuuliza kuna nini, anasema anasikiliza nani kamfokea nani leo. Mwaka mmoja mwalimu Leonce, anayefundisha shule yetu ya msingi, alitueleza kwenye mkutano kwamba sisi tunaitwa Dunia ya Tatu. Bernadina akanyoosha mkono kuuliza ya pili iko wapi. Mwalimu akasema siku hizi haipo, ilishakufa. "Ya pili imekufa," Bernadina akasema, "na sisi bado ni wa tatu?" Tulicheka sana. Yeye hakucheka, alikaa chini akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

Halafu ukaja mwaka wa mbaazi, ambao hakuna mkulima wa Karatu asiyeujua. Watu walipanda mbaazi mpaka mlangoni, bei ilikuwa nzuri, na Marseli alikuwa ameshachagua rangi ya bati. Mara tukasikia nchi inayonunua haitaki tena. Basi, neno moja kutoka ng'ambo, na magunia yakabaki ndani yakiliwa na wadudu. Marseli alikuwa anakaa mlangoni anayaangalia. Alifariki mwaka uliofuata. Daktari alisema ni presha. Bernadina anasema aliuawa na neno la watu wasiomjua, na kwa hilo mimi sibishani naye. Alikuwa mdogo wangu.

Sasa tuje kwenye maji. Sisi tuko upande wa Endamarariek, udongo mzuri, maji taabu. Kiangazi unashuka bondeni alfajiri, unachota kwenye mchanga, na unapopanda na ndoo jua limeshakuwa kali. Goodness, mke wa Raymond mtoto wa Bernadina, mimba yake ya kwanza ilitoka kwenye kilima kile, ndoo ikiwa kichwani. Alipopata ya pili, Bernadina alimnyang'anya ndoo akasema huyu hashuki tena. Akawa anashuka mwenyewe, na nyonga yake mbovu, anapanda akishika majani ya pembeni. Kwa hiyo jua tangu sasa kwamba hapa kijijini hakuna aliyekitaka kisima kuliko yeye. Waliomsema baadaye walijisahaulisha hilo.

Nchi kubwa za ng'ambo zilizokuwa zinatuzunguka na misaada ni mbili. Majina yao halisi hatukuyatumia. Moja tuliiita Wenye Lami, kwa sababu ya barabara waliyojenga, na nyingine Wenye Vyandarua. Hazipatani hata kidogo. Wenye Lami wakijenga darasa, Wenye Vyandarua wanaleta madawati, na madawati yenyewe hayapiti kwenye mlango wa lile darasa. Kila kitu kina bendera ya mwenyewe. Bernadina chandarua alikichukua, hakuwa mjinga, lakini alikitundika bendera ikiangalia ukutani.

Wenye Vyandarua ndio waliosema watatuchimbia kisima. Siku mashine ilipofika juu ya lori, ikaegeshwa karibu na kanisa, tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Bernadina aliizunguka na fimbo yake, akawaangalia mafundi, kisha akaja kwangu.

"Wifi, wale watu hawajafungua masufuria yao."

"Sasa ikawaje?"

"Masufuria yamefungwa kwa kamba kule nyuma ya lori. Wanakula mgahawani kwa Doreen. Mtu aliyekuja kufanya kazi anafungua sufuria. Hawa wamekuja kuonekana."

"Waonekane na nani, na sisi tumeshawaona?"

"Na Wenye Lami."

Nikamwambia ana roho mbaya, na kwamba hata Yesu akirudi atamuuliza nani kakutuma. Siku hizo kwenye redio walikuwa wanazungumzia mkutano fulani wa mataifa, ambako nchi yetu ilitakiwa iseme iko upande gani, na nchi yetu ilikuwa inajibu kwamba bado inafikiria. Bernadina alikuwa na redio sikioni kutwa nzima. Mimi sikuona redio na kisima vinahusiana wapi.

Tukaambiwa mgeni anakuja, ofisa kutoka ubalozi wa Wenye Vyandarua. Akatangulia bwana mmoja wa itifaki kutoka mjini, mwenye viatu vya ncha, kuja kutufundisha namna ya kumpokea. Wazee tusimame mstari, mgeni atapita anatushika mikono, na kila mmoja atasema shikamoo. "Mgeni amejifunza Kiswahili," alisema, "anajua kuitikia."

Lazima nikueleze kitu. Sisi Wairaqw tuna salamu zetu, lakini shikamoo tuliipokea shuleni na kanisani tukaishika kuliko hao wa pwani walioileta. Huku kwetu mtoto asipokuamkia, mama yake ataitwa aelezwe. Na mkubwa asipoitikia marahaba, hilo ni baya zaidi, maana mdogo wake ameshainama na hana la kufanya.

Mzee Wilibrodi, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliyepigana vita vya Kagera, akauliza mgeni ana umri gani. Yule bwana wa itifaki akasema, "Mzee wangu, hapa humsalimii mtu. Unasalimia nchi."

"Na hiyo nchi," Bernadina akauliza kutoka nyuma, "imezaliwa lini?"

Watu wakacheka. Bwana wa itifaki akaangalia saa yake, akatuambia tujaribu tena kupanga mstari.

Mgeni alikuja. Kijana kabisa, masharubu bado yanajifikiria, uso umebabuka kwa jua, mwenye adabu zake. Akamfikia Mzee Wilibrodi. Wilibrodi akavua kofia. "Shikamoo." Yule kijana akaitikia vizuri, kwa furaha ya mtu anayejibu swali analolijua: "Marahaba." Akaenda kwa anayefuata, shikamoo, marahaba. Mpaka kwangu. Na mimi nikatoa, nilikuwa nataka maji. Wajukuu zetu waliokuwa juu ya ukuta wa kanisa walikuwa wanajikunja kwa kicheko, na tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Marahaba.

Akamfikia Bernadina. Bernadina akampa mkono, akanyamaza. Kijana akangoja, marahaba yake iko mdomoni. Bernadina akamwangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyesahau, bila hasira, anangoja tu. Bwana wa itifaki akakohoa, akakohoa tena. Mimi nilikuwa ninasema kimyakimya, sema wewe mwanamke, sema, ni neno tu.

Ndipo kijana alipoelewa. Uso ukamwiva mpaka masikioni, akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bernadina akasema. "Hujambo? Na mama yako hajambo huko?"

"Hajambo," akajibu, na nilimwona ameshusha pumzi. Lakini yule bwana wa itifaki alikuwa amepauka kama majivu.

Hata wiki haikuisha, lori likaondoka na mashine. Masufuria yalikuwa yamefungwa kwa kamba ileile.

Usiulize hasira iliyokuwepo. Kila mtu alijua sababu: Bernadina amekataa kuisalimia nchi ya watu. Bondeni wanawake walimwacha achote wa mwisho, maji yakiwa matope. Kanisani benchi lake lilikuwa lake peke yake. Na mimi niliacha kuongea naye, tena siombi radhi kwa hilo, kiangazi kilikuwa kimeanza na tumbo la Goodness limekuwa kubwa. Yeye naye, kwa kiburi chake, akaacha kuniamkia. Tangu aolewe hajawahi kupita mlangoni kwangu bila shikamoo, hata siku tulizogombana. Sasa akawa anapita na fimbo yake, tko, tko, anaangalia mbele.

Mimi huwa ninapeleka mboga kwenye hoteli moja ya watalii Karatu mjini. Siku moja niko nyuma ya jikoni na kapu langu, nikasikia mtu ananiita. Bwana Marahaba, amevaa kaptula na kofia ya jua, yuko na mama yake mzazi aliyekuja kumtembelea, wanangoja gari la kuwapeleka kreta, kule kwenye wanyama. "Shikamoo, mama," akasema, kabla sijafungua mdomo. Akanitambulisha kwa mama yake, mama wa watu akanishika mkono kwa mikono miwili.

Nikaona nimuulize palepale. Nikamwambia, mwanangu, tukose maji kwa sababu ya salamu? Hakuelewa. Nikamweleza yote, Bernadina, mstari, lori. Akawa kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Hapana, mama. Iliamuliwa kabla. Siku niliyokuja kwenu nilikuwa nimeshaambiwa mashine itaondoka."

"Kwa nini?"

Akaangalia kushoto na kulia. "Mambo ya wakubwa. Nchi yenu haikusema walichotaka iseme."

"Sasa wewe ulikuja kufanya nini?"

"Ratiba ilikuwa imeshapangwa," akasema, kwa sauti ya chini.

Sijui swali la wifi yangu lilinitokaje mdomoni. Nikamuuliza hao wakubwa wake, nao wana mkubwa wao? Akafikiri. "Labda," akasema. "Mimi sijawahi kumwona." Dereva akapiga honi, wakaenda zao kuangalia faru.

Nilirudi kijijini siku hiyohiyo. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Wilibrodi nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia iko magotini.

"Usiliseme hilo, Elizabeti," akaniambia.

"Kwa nini nisiseme? Ni kweli."

"Kama aliyekosea ni Bernadina, safari ijayo tutasalimia vizuri. Kama siyo Bernadina, tutafanya nini?"

Nikalisema hata hivyo. Nililisema dukani, nikalisema kwenye sala za jumuiya, nikalisema bondeni. Watu waliniangalia kwa huruma, wakasema makubwa haya, leo wifi anamtetea wifi. Mtu pekee ambaye sikumwambia ni Bernadina mwenyewe. Niende kwake nikamwambie ulikuwa na haki, mwanamke aliyenusa maziwa ya mama yangu? Sikuwa tayari.

Haikupita muda tukasikia Wenye Lami nao wanakuja. Wamesikia wenzao wametuacha, wana mpango wa kisima. Bwana wa itifaki mwingine, maelekezo yaleyale. Safari hii Mzee Wilibrodi alikwenda nyumbani kwa Bernadina na kamati nzima ya maji, akamwambia mbele ya wote: siku hiyo utasalimia, au utabaki ndani na mlango umefungwa. Raymond alinieleza baadaye. Anasema mama yake aligeuka kwanza. Alimwangalia Goodness, ambaye asubuhi ile walikuwa wamemkamata anatoroka na ndoo ndogo kwenda bondeni, kwa sababu amechoka kumwona mama mkwe akitambaa kilimani. Ndipo akasema, "Nitasalimia."

Mgeni wa Wenye Lami alikuwa kijana pia, shati jeupe, miwani myeusi, simu sikioni. Alishuka garini anaongea na simu, akapita kwenye mstari anaongea na simu. Tukisema shikamoo, mkalimani nyuma yake anatuambia asante, asante. Bernadina alikuwa ubavuni kwangu, lakini hatukuwa tumesemeshana.

Kijana akamfikia. Bernadina akaweka fimbo chini. Akapiga goti, na nyonga ile, kichwa kimeinama kama ambavyo hajawahi kumwinamia hata mama yangu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa mstari: "Shikamoo."

Yule kijana alimpa ncha za vidole. Alikuwa amesimama wima ghafla, shingo imeiva, anaitikia tu, anaitikia tu. Lakini alikuwa anaitikia simu. Kisha akasogea kwangu.

Bernadina alibaki palepale chini. Watu walidhani ni nyonga. Mimi nilikuwa karibu, nikajua kwamba anangoja. Mgeni alishafika mwisho wa mstari, ameshaingia kwenye kivuli, na yeye bado anangoja marahaba yake. Mwishowe akaiokota fimbo akajiinua mwenyewe, na sikumshika mkono, maana nilijua asingetaka.

Maji yalitoka, nisikufiche. Mashine ilikuja, mafundi wakafungua masufuria siku hiyohiyo, na leo bomba liko karibu na kanisa, lina bendera ya Wenye Lami. Goodness alijifungua salama, mtoto wa kike. Kijiji kizima kinasema, mnaona, Bernadina alisalimia vizuri, maji yakaja. Mimi ninasema walikuja kwa sababu wenzao wameondoka, na wangekuja hata kama tungewapokea kwa mawe. Nani anamsikiliza wifi. Bernadina mwenyewe, nilipokuja kumweleza habari za Karatu, alijibu neno moja tu: masufuria.

Lakini hayo yalikuwa bado. Ninachotaka ujue ni jioni ya siku ile ya mgeni, wakati hatujui kama kuna maji au hakuna. Nilikwenda kwake. Tangu lori lile liondoke nilikuwa sijakanyaga pale. Alikuwa jikoni kwenye kigoda, kitambaa cha moto kwenye nyonga, na redio imezimwa, jambo ambalo sijawahi kuliona wakati wa taarifa ya habari. Hakuinua kichwa.

"Nani kakutuma?" akauliza.

Nilikuwa nimejipanga njiani. Nilikuwa na maneno ya Bwana Marahaba yote, na ratiba, na wakubwa. Hayakutoka. Nilisimama pale mlangoni, mimi dada mkubwa wa mume wake, nikamwambia lile ambalo nilikuwa na haki ya kumwambia.

"Marahaba, Bernadina."

"Sijakuamkia."

"Najua. Hiyo ni ya mchana."

Aliinua kichwa akaniangalia. Kisha akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, mwanamke ambaye hakulia tukimzika Marseli. Nikakaa kwenye gunia nikangoja, sikumbembeleza, si desturi yetu sisi wawili. Alipomaliza akapenga kamasi, akainuka kwa taabu, akanimiminia maziwa kwenye kikombe akaniwekea mbele.

Nikayanusa kwanza, makusudi, akiwa ananiangalia. Halafu nikayanywa yote.